Uhuru Ilirushwa Hapa Kwetu: Barua ya Wazi Kutoka Ngomeni

Kwa waheshimiwa mliokabidhiwa mambo ya anga za juu, elimu na urithi wa taifa kule Nairobi, na kwa wakuu wa kaunti yetu ya Kilifi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Ngomeni, Magarini. Naandika nikiwa nimeketi juu ya mashua iliyopinduliwa ufuoni ikingoja kalafati, na mbele yangu majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yake mirefu. Mgeni akiyaona huuliza kama ni mitambo ya kuchimba mafuta. Watoto humjibu, "Hiyo ni San Marco." Akiuliza San Marco ni kitu gani, humwambia ni ya Wataliano. Maelezo yanaishia hapo. Mgeni anakunywa dafu lake, anaondoka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimezaliwa huku, nikasomea bara, nikarudi. Muhula uliopita niliuliza darasa zima: setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka wapi? Mmoja akasema Marekani. Mwingine akasema Uchina. Wa tatu, mtoto mchangamfu anayekaa dirishani, akauliza kwa adabu kama ninamzungumzia rais wa nne. Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Kisha nikawaambia wageuze shingo watazame nje.

Nawaandikia kwa sababu ya kimya kilichofuata.

Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout yenye ngazi nne, yaani vipande vinavyochomoka kimoja baada ya kingine, ilipaa mchana kutoka jukwaa la San Marco, hapo mbele. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi; haikufika uzito wa magunia mawili ya mahindi. Kwenye makaratasi ilikuwa na jina kavu la kiofisi, SAS-A. Mhandisi Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa NASA, ndiye aliyeipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na ya watu waliowakaribisha. Setilaiti ya Wamarekani, ikarushwa na Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio wa chuo kikuu cha Roma, kutoka maji ya Kenya, ikaitwa kwa neno la Kiswahili. Kila Desemba tunaisherehekea tarehe hiyo kwa gwaride na hotuba. Katika hotuba zote nilizozisikiliza maishani, na nimesikiliza nyingi maana marehemu baba hakuzima redio siku ya Jamhuri, sijasikia setilaiti hiyo ikitajwa hata mara moja.

Kwa nini walikuja hapa? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na hakuna mahali uso wake unakokwenda kasi kama kwenye ikweta: kilomita 1,670 hivi kwa saa. Ngomeni iko nyuzi tatu tu kusini ya mstari huo. Roketi ikipaa kutoka hapa kuelekea mashariki inaondoka ikiwa imekwisha kusukumwa, kama jahazi linalong'oa nanga kaskazi ikiwa imelijaza tanga. Mbele yake ni bahari tupu, kwa hiyo ngazi zikichomoka zinaangukia maji, si paa la mtu. Na kwa setilaiti hii palikuwa na sababu nyingine, kubwa kuliko hizo. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe kali zilizonaswa na usumaku wake. Chombo kinachozunguka chini ya mikanda hiyo, karibu na ikweta, kinakwepa sehemu kubwa ya chembe hizo na vipimo vyake vinabaki safi. Scout ilikuwa roketi ndogo. Kutoka pwani ya Marekani isingeweza kupinda njia hadi juu ya ikweta na bado ibebe mzigo wa maana. Kutoka Ngomeni ilikwenda moja kwa moja.

Si mara ya kwanza wageni kuihitaji pwani hii ili wafike wanakokwenda. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, alichokitaka zaidi ya maji na matunda ni rubani, na rubani alipatikana, akamvusha hadi India. Nguzo ya Mreno yule ipo Malindi mpaka leo, inatunzwa, watalii hupiga picha mbele yake. Jina la rubani, wanahistoria bado wanaligombania. Naomba mkumbuke nguzo hiyo na rubani huyo, nitarudi kwao.

Kwanza nieleze Uhuru ilikwenda kutafuta nini, maana nimeona hata wanaolijua jina lake hawaijui kazi yake.

Eksirei tunaijua ya hospitali. Mionzi ya aina hiyo hutoka pia mbinguni, lakini angahewa huizuia kabla haijatufikia, na tushukuru, la sivyo tusingekuwepo. Ukitaka kuiona sharti upande juu ya hewa. Mwaka 1962 mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyochungulia huko juu kwa dakika chache kisha ikaanguka, na katika dakika hizo wakakuta chanzo kikali cha eksirei upande wa kundinyota la Nge. Miaka iliyofuata ikawa ni hivyo hivyo, roketi moja baada ya nyingine, dakika tano leo, dakika tano baada ya miezi kadhaa. Ni kama kuchora ramani ya Lamu kwa mwanga wa radi.

Uhuru ilikuwa taa isiyozimika. Haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na masanduku mawili yenye gesi, yakitazama pande mbili zilizopeana mgongo, na mbele ya kila moja vibati vilivyopangwa ili mionzi ya kipande chembamba tu cha anga ipite. Setilaiti ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika kumi na mbili hivi, na kipande kile kikawa kinafagia anga. Kikipita juu ya chanzo, hesabu ya mionzi inapanda. Kikiondoka, inashuka. Basi. Lakini ilifagia hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, na vyanzo vya eksirei vilivyojulikana, ambavyo kabla yake vilikuwa kama thelathini, vikafika 339 katika orodha yake ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho.

Kimojawapo, Cen X-3, kilipiga kama mshipa wa damu: pigo moja kila sekunde 4.8. Na kila baada ya siku mbili hivi kilitoweka kwa saa kadhaa kisha kikarudi. Giacconi na wenzake wakafumbua: ni nyota iliyokufa, ikasinyaa ikawa na upana wa kilomita ishirini hivi, mfupi kuliko mwendo wa kutoka hapa hadi Malindi mjini, lakini ikiwa na uzito unaoshinda wa jua letu. Inazungukana na mwenzake aliye hai na kumnyonya gesi. Gesi hiyo ikianguka juu ya kitu kizito namna ile hupata joto la mamilioni ya nyuzi, nalo joto hilo ndilo linalotoa eksirei. Wanafunzi wangu hunielewa hapa bila shida. Aliyewahi kuachia kamba ya nanga ikimkimbilia mkononi anajua namna kuanguka kunavyogeuka moto.

Chanzo kingine, Cygnus X-1, hakikuwa na mpangilio wowote. Kilipepesa ovyo, kwa visehemu vya sekunde. Kitu kinachobadilika upesi hivyo lazima kiwe kidogo, kwa sababu nuru yenyewe inahitaji muda kukivuka kutoka ubavu hadi ubavu. Wataalamu wa Uingereza na wa Kanada wakamtafuta mwenzake wakampata: nyota kubwa ya buluu inayozungukana na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku tano na nusu na ushee. Wakapima uzito wa kisichoonekana, wakakuta ni kizito mno, hakiwezi kuwa nyota ya nyutroni, yaani nyota iliyosinyaa kama ile ya Cen X-3. Hilo ndilo shimo jeusi, kitu kizito kiasi kwamba hata nuru haichomoki humo, la kwanza wanasayansi walilokuja kulikubali. Mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakiri ameshindwa, akalipa usajili wa mwaka mzima wa gazeti ambalo mwalimu hawezi kulitaja mbele ya wanafunzi. Giacconi naye alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Sasa lipo jambo ambalo ningependa mlisome mara mbili. Vyanzo vilivyomo katika orodha ile huandikwa kwa herufi na tarakimu: 4U 1820-30, 4U 1636-53, na vingine vingi. Nne ni orodha ya nne. Herufi U ni Uhuru. Mpaka leo mtafiti wa Tokyo au Boston akiandika kuhusu nyota hizo anaanza na herufi ya neno letu, na huenda asijue kwamba ni neno la watu fulani wenye pwani fulani. Yeye simlaumu. Mimi mwenyewe nilisoma fizikia hadi chuo kikuu bila kuambiwa, nikaja kulikuta jambo hili kwa bahati, usiku, kwenye simu, nikitafuta kitu kingine kabisa. Niliinuka nikatoka nje kutazama majukwaa. Hayakuonekana, kulikuwa na giza, lakini nilitazama.

Setilaiti zilizorushwa kutoka pale ni tisa, kati ya 1967 na 1988. Ya kwanza, San Marco 2, ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. SAS-2 ilitafuta mionzi ya gama, iliyo kali kuliko eksirei, na Ariel 5 ya Waingereza na SAS-3 ziliendeleza kazi ya Uhuru. Tangu Machi 1988 hakijaruka kitu. Jukwaa limebaki na ndege wa baharini na chumvi.

Kituo cha nchi kavu, lakini, hakijalala. Antena zake zinapokea data kutoka vyombo kama Swift, NuSTAR na IXPE, na vyote vitatu kazi yake ni ileile ya Uhuru, kutazama anga kwa eksirei. Swift hukesha ikingoja mimweko ya gama, ishara ya nyota kubwa inayokufa au ya maiti mbili za nyota zinazogongana, mbali sana kiasi kwamba nuru yake imesafiri miaka mamilioni elfu kadhaa. Msiba wa nyota ya namna hiyo ukitokea, habari zake huteremkia hapa, kati ya mikoko na mashamba ya chumvi, kabla ya kupelekwa Ulaya na Marekani. Na nje ya ua, hatua chache tu, yupo msichana anayesukuma baiskeli yenye madumu ya maji, ambaye hajui kwamba kijiji chake ni sikio la dunia.

Nimefika kwenye maombi yangu, na la kwanza ndilo linaloninyima usingizi.

Mtaa wa pili kutoka kwangu anaishi mzee aliyefanya kazi kwenye mashua zilizopeleka watu na shehena jukwaani. Hana cheti wala picha. Huniambia kwamba siku za kurusha wavuvi walitakiwa kukaa mbali, na wengine walinung'unika kwa kuwa maji yalikuwa mazuri. Huniambia kwamba siku ile ya 1970 aliuona moto kwanza, kimya kabisa, akadhani mambo yameharibika, kisha kishindo kikamfikia kifuani. Nikamweleza kwamba nuru hutangulia na sauti hufuata, sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Akanitazama kama mtu anayeelezwa na mjukuu kwamba maji ya bahari yana chumvi. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwepo."

Aliyekuwa na miaka ishirini siku ile sasa amepita sabini. Wapo waliokuwa wachomeleaji vyuma, wapo waliopika, waliolinda, waliobeba, waliojifunza kusoma mitambo wakiwa kazini. Kila mwaka tunawazika wawili watatu. Jina la Broglio limo katika jina rasmi la kituo, na ni haki yake, alikuwa mtu wa maono. Lakini hapa ndipo rubani wa Vasco da Gama anaponirudia akilini. Rubani yule amepotea kwa sababu hakuna mtu wa kwao aliyekaa naye akaandika. Hawa wetu wako hai, wanakaa vibarazani, wanacheza bao. Leteni watu wenye vinasa sauti. Waacheni waongee Kiswahili, Kigiriama, Kibajuni, kadiri ulimi unavyowapeleka. Nakala moja iende kwenye makavazi ya taifa na nyingine ibaki hapa, shuleni. Hili halihitaji kamati. Linahitaji watu wawili, gari moja na wiki tatu, tena kabla ya masika yajayo.

La pili ni lango. Makubaliano ambayo Kenya na Italia zilitia saini mwaka 2016 kuhusu kituo hiki yana sehemu ya elimu na mafunzo. Nafurahi kuna Wakenya wanaopata mafunzo ya juu, na vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishirikiana na Waitaliano na Wajapani hadi setilaiti yao ndogo ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Naomba tu neno hilo elimu literemke kidogo, lifike hadi kidato cha kwanza cha Magarini. Miaka kadhaa iliyopita niliiandikia ofisi moja nikiomba ziara ya darasa moja, saa mbili tu, watoto waione antena ikigeuka kufuata kitu wasichokiona. Nikajibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Watoto wale wamemaliza shule. Mmoja anaendesha bodaboda na hupita mbele ya ua ule kila siku akipeleka abiria.

Siku mbili kwa mwezi zitatosha. Na mkiona usalama ni tatizo, nasi tunaelewa kwamba mitambo si uwanja wa mchezo, basi jengeni chumba kimoja nje ya ua chenye dirisha kubwa, darubini mbili za kawaida na mtu wa kueleza. Huku tuna bahati ambayo walimu wenzangu wa Ulaya wangeililia: jioni za Aprili mawingu yakikubali, mtoto akisimama ufuoni anaona nyota za Dubu Mkubwa upande mmoja na Msalaba wa Kusini upande wa pili, anga la kaskazini na la kusini kwa kugeuza shingo tu.

Na ziwe habari za Kiswahili, nasisitiza. Mwishoni mwa 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, yenye kipenyo cha mita mbili na nusu, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika letu la anga lilifika upesi, likaichukua na kueleza kwamba ni kipande cha roketi. Lilifanya vizuri. Lakini fikirini kama mngekuwa kwenye kijiji kile, mmesikia kishindo, mmekuta duara jekundu la moto shambani, na maelezo yanawajia kwa Kiingereza cha redioni. Hata neno la fani yenyewe linatutatiza. Ukisema "unajimu," mtu anafikiri yule anayetabiri bahati yako gazetini. Wazee wa pwani walisema falaki, na mimi napendelea hilo. Lipo, ni letu, halihitaji kikao cha istilahi.

Tena hatuanzii sifuri. Babu yangu hakuingia darasani hata siku moja, lakini alijua Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, akapanga shamba lake kwa hesabu hiyo. Wataalamu wa darubini wanakiita kile kishada cha nyota Pleiades. Kwetu jina lake limetoka kwenye kulima. Kusini alikuita suheli, na suheli ni nyota, ile ing'aayo sana upande wa kusi, ya pili kwa mwangaza katika anga lote la usiku. Alijua bamvua huja mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, na maji mafu huja ukiwa nusu. Mimi nilikuja kufundishwa sababu yake chuoni, kwamba mwezi na jua huvuta kwa pamoja mwezi ukiwa mchanga au mpevu na kupingana ukiwa nusu, nikaona aibu kwamba nilikuwa nimelijua jibu tangu utotoni bila kujua kuwa kulikuwa na swali. Anayetunga vitabu vya shule akitafuta mlango wa kumwingiza mtoto wa pwani kwenye sayansi hii, mlango uko wazi.

Kuhusu majukwaa yenyewe sina hakika kama yanaweza kuokolewa, na sitaki kuwadanganya kwa ajili ya mapenzi yangu. Chuma kilichokaa baharini miaka sitini kina mambo yake. Ninachoomba ni wahandisi wayapande, wayapime, na watuambie ukweli hadharani: yanaweza kutunzwa, au yashushwe kabla hayajamwangukia mvuvi. Yakishushwa, mguu mmoja tu usimamishwe nchi kavu. Malindi wana nguzo yao, nasi tutakuwa na yetu. Kuna wanaonong'ona habari za hoteli juu ya maji. Tafadhalini, hapana.

Nasikia pia mazungumzo ya kituo kipya cha kurushia roketi, na ninajua hoja zake. Nimezieleza mwenyewe huko juu. Taifa-1, setilaiti yetu iliyoripotiwa kugharimu shilingi milioni 50 hivi, ilibidi isafirishwe hadi California ndipo irushwe, tarehe 15 Aprili 2023. Mtu wa Ngomeni akiitazama habari hiyo kwenye televisheni lazima atabasamu kwa uchungu. Hata hivyo ardhi ya Magarini ina vidonda. Watu hapa wamewahi kuhamishwa kwa ajili ya miradi waliyoambiwa itawatajirisha. Mkija na ramani ya kituo kipya, mtaulizwa kwanza kile cha zamani kiliwaachia nini, na sasa hivi hakuna mwenye jibu zuri. Chumba kile chenye dirisha kingekuwa mwanzo wa jibu.

Atakuwepo atakayesema: watu wanachota maji ya magadi kisimani, wewe mwalimu unataka nyota. Nimeambiwa hivyo msikitini na nimeambiwa hivyo chumba cha walimu. Mimi pia nachota maji hayo. Sijaomba shilingi itolewe kwenye bomba la maji, na anayedhani bomba halijafika kwa sababu fedha zimeliwa na darubini anionyeshe hiyo darubini. Nilichokiomba ni kidogo kuliko gharama ya jukwaa la wageni mashuhuri la sherehe moja ya Jamhuri.

Kuna tarehe mbili ningependa mziandike mahali. Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Giza kamili litapita Misri, Saudia, Yemeni na pembe ya Somalia. Sisi huku litapatwa kwa sehemu. Watoto watatazama, mkiwaruhusu au msiporuhusu, nao wasipokuwa na miwani maalumu baadhi yao wataumia macho bila kuhisi maumivu yoyote wakati ule. Miwani ya karatasi ni rahisi ikiagizwa mapema na kwa wingi. Iagizwe mwaka mmoja kabla. Ikiagizwa wiki moja kabla itafika bandarini jua likiwa limekwisha kung'aa.

Ya pili ni 12 Desemba 2030. Uhuru itatimiza miaka sitini. Ningetaka siku hiyo sherehe moja ya Jamhuri, hata ndogo, ifanyike hapa ufuoni, na waliokuwepo wakae viti vya mbele. Ndiyo maana nawasihi kuhusu masika. Miaka hiyo kwenu ni kipindi kimoja cha bajeti na kingine. Kwa mzee wangu wa mtaa wa pili ni mingi.

Nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha mahali pawili kuhusu mashua, kisha akasema kuna jambo la siku ile ambalo hajanieleza, na hatanieleza mimi, atawaeleza ninyi mkifika. Nimembembeleza kwa kahawa na kashata, amekataa. Chombo cha kuwapeleka jukwaani kipo, nahodha nimekwisha kusema naye. Njooni siku za maji mafu, mkondo ni mpole. Msisahau kinasa sauti.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa fizikia,
Ngomeni